Mabomba Yasiyolingana

Juzi baada ya magharibi nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, likapita gari Barabara ya Lamu, hapa Malindi, kuelekea daraja la mto Sabaki. Mwanangu akainua kichwa kutoka kwenye chuo chake.

"Mama, mbona gari lile lakohoa?"

Lilikuwa Subaru, tena la zamani. Nikasita, kifuu mkononi, na harufu ya gereji ya Ami ikanijia: grisi, vumbi la matumbawe, kahawa ya tangawizi.

Ilikuwa 2011. Nilikuwa nimemaliza shule, namwandikia Ami daftari la hesabu. Ukutani alikuwa amebandika picha ya gazeti, Subaru Impreza ya dereva Colin McRae iliyoshinda Safari Rally mwaka 1997, na chini yake vijana wa Maweni na wa Watamu walikuwa wakikutana kila jioni kubishana magari ya Subaru. Jioni hiyo walikuwa wakingojea moja tu. Mwenzao alikuwa ameagiza Legacy GT ya 2004 na alikuwa njiani kutoka bandarini Mombasa. Kwetu gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hivyo lile umbo jipya lililotoka Japani mwaka 2003 lilikuwa ndiyo kwanza linafika mikononi mwa watu wa kipato chetu. Habari zake tulikuwa nazo. Sauti yake hatukuwa tumeisikia.

Likaingia baada ya alasiri, buluu iliyokolea, na halikusikika mpaka lilipofika mlangoni.

"Hebu likanyage," mmoja akasema. Mwenyewe akalikanyaga. Gari likavuma, vuuu, sawasawa kama feni. Ule mngurumo wa kukatikakatika, dugu-dugudugu, uliokuwa ukituambia nani anakuja kabla hajafika kwenye kona, haukuwepo. Mwenye Forester akachuchumaa nyuma akaweka kiganja kwenye bomba la moshi, kama mtu anayetafuta pumzi ya mgonjwa.

"Wallahi wamelihasi," akasema.

"Hii ni teksi iliyobandikwa nyota sita za Subaru," akasema mwingine.

Mwenye gari hakujibu. Nilimuona akipangusa usukani kwa ncha ya shati, mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

Ami akatandika boksi la katoni chini, akaingia uvunguni na tochi. Akakaa huko muda mrefu. Kisha akaniita. "Njoo uone, mwanangu." Nikajilaza ubavuni pake. Akanionyesha mabomba yanayotoka injini, yalivyopindwa moja juu ya jingine kwa uangalifu. Akayafuata kwa kidole bila kuyagusa, maana yalikuwa bado ya moto.

Alipotoka alichukua manifoldi kuukuu ya Impreza, yale mabomba ya kutolea moshi kwenye injini, iliyokuwa kwenye rundo, akakata kipande cha kamba, akapima tawi moja mbele ya vijana wote, kisha la pili. Kamba haikutosha.

"Injini hii ina silinda 4, mbili kila upande, zimelala," akasema. "Lakini turbo, hii feni inayozungushwa na moshi, imekaa upande mmoja. Moshi wa upande wa pili lazima upite chini ya injini ndipo uifikie. Huu wafika mapema, huu wachelewa." Akapiga benchi kwa spana, mapigo mawili ya haraka, moja la kuchelewa, mara vumi, mara chapuo. "Hiyo ndiyo sauti mnayoipenda. Moshi wagongana njiani. Humu wameyalinganisha mabomba, wameoanisha silinda ya 1 na ya 2, ya 3 na ya 4, kila jozi ina mlango wake ndani ya turbo. Hakuna anayempulizia mwenziwe usoni. Aliyeyapinda haya ni fundi."

Mwenye B4 kutoka Watamu hakuamini. Legacy yake ilikuwa ya umbo la kabla, yenye turbo mbili, na siku zote alilalamika kwamba pale ya pili inapopokea kazi gari hulegea kidogo, kama limesahau linakokwenda. Akapewa ufunguo, akaenda mpaka Sabaki na kurudi. Aliposhuka alisimama kwanza, mkono juu ya boneti.

"Lavuta," akasema. "Lavuta tangu chini, halilegei." Akanyamaza. "Lakini nazungumza nalo, halinijibu."

Walipoondoka, tulifunga mlango. Ami alinawa mikono kwa sabuni ya unga, polepole.

"Wamefanya vyema," akaniambia, na nilijua anasema kweli. "Lakini yale ya zamani, moja likipita hapo nje najua silinda gani yamisi, haiwaki sawa. Hili litaniambia nini?"

Baada ya wiki chache mwenye Legacy alirudi akitaka mabomba ya zamani na turbo ya zamani. Ami alikataa, hakuweza, alisema, kuivunja kazi ya mtu aliyepima. Jamaa akafungiwa mabomba hayo kwingine. Siku alipopita tena mbele ya gereji, dugu-dugudugu, vijana walisimama wakapiga makofi. Ami alikuwa ameinamia gari la watu. Akainua kichwa, akasikiza. Kisha akatoka mbio mpaka barabarani, mikono yote miwili juu, akimsimamisha, na uso wake ulikuwa umechangamka kuliko nilivyouona miezi mingi.

"Simama! Silinda moja yamisi!"

Haya yote sikumwambia mwanangu. Nilimwambia tu kwamba gari halikohoi, mabomba yake ndiyo hayalingani urefu.

"Kwa nini wasiyalinganishe?"

"Waliyalinganisha," nikamwambia.

Akanitazama, akingojea. Kwa mbali, upande wa Sabaki, lilikuwa bado linasikika.