Ufito mwepesi si ule ulioandikwa gramu chache

Jumamosi ya kwanza niliyovua Lake Fork, huko Texas, Marekani, nilirudi nyumbani bila samaki, na Jumapili nikashindwa kufungua chupa ya maji. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba kama cha mtu aliyetwanga mahindi ya karamu nzima peke yake. Nilikuwa na ufito wa kuvulia wa futi saba, wa nyuzi za glasi, nilioununua pamoja na rili yake, ile mashine ya kukunjia uzi, katika duka kubwa linalouza kila kitu, mkate hadi matairi. Ufito na rili kwa pamoja vilipita nusu kilo. Si uzito wa kumtisha mtu anayepakua makasha usiku kucha. Lakini ukirusha mara moja kwa dakika, tangu alfajiri hadi adhuhuri, umeshanyanyua hiyo nusu kilo zaidi ya mara mia tatu, tena kwa kifundo, si kwa bega.

Mkono ungepona. Kilichoniuma ni jambo jingine. Mzee niliyekuwa naye kwenye mashua, Mmarekani tuliyefanya naye kazi ghala moja huko Dallas, alivua saba. Mara mbili alinigeukia akaniambia, "Umeliwa hapo," na mimi sikuwa nimesikia chochote. Mimi, mtoto wa Shimoni, pwani ya Kenya, niliyelelewa kwenye mshipi wa kuvulia!

Kwetu ufito haukuwepo. Mshipi unapita juu ya kidole cha shahada, chubwi, kile kizito cha kuzamisha uzi, likifika chini unalegeza kidogo, na kidole kinasoma. Changu hudonoa mara mbili tatu upesi upesi. Chewa humeza akarudi pangoni mwake, na wewe unachosikia ni uzito tu, kama umenasa jiwe. Ami yangu alikuwa akimtaja samaki kabla hajamwona, na akikosea alikasirika siku nzima.

Sasa huyu besi wa Marekani, samaki tuliyekuwa tukimvua, yule mwenye mdomo mkubwa, ndiye chewa wa maji baridi. Hapendi kufukuza sana. Hujibanza kivulini, chini ya gogo au ukingoni mwa majani, chambo kikipita hufungua domo, maji na chambo vikaingia pamoja. Akigundua ni plastiki hukitema, na mara nyingi ameshakitema kabla hujajua kwamba alikuwapo. Lake Fork ni makao yake hasa. Ni bwawa la kutengenezwa, mashariki mwa Dallas, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Walipoziba mto mwaka 1980 waliacha miti mingi imesimama, na vigogo vyake bado vimechomoza majini kama nguzo za boma lililobomoka. Besi mkubwa kuliko wote katika rekodi za Texas alitoka humo Januari 1992: ratili 18.18. Kwa hiyo samaki walikuwepo, na walikuwa wakila chambo changu. Tatizo lilikuwa kile kijiti kilichosimama kati yao na kidole changu.

Nikaamua kutafuta ufito mwepesi, na hapo ndipo nilipofanya ujinga.

Niliingia mtandaoni, nikazipanga fito zote kwa gramu, nikanunua ulio chini kabisa niliouweza kwa bei: gramu 95, kaboni tupu, futi saba na inchi tatu. Ulipofika niliushika bila rili nikacheka peke yangu sebuleni. Kama unyoya. Nikafunga rili, nikaenda ziwani, na baada ya saa mbili kifundo kikaanza tena. Nilidhani nina ugonjwa.

Mzee wa ghalani aliuchukua, akaulaza juu ya kidole chake kimoja, mbele kidogo ya rili. Ncha ikainama moja kwa moja majini. Akachukua wake, wa gramu 130 na ushei, akaulaza vilevile. Ukakaa kama mizani ya sonara. "Wako unakutaka uushikilie usianguke," akasema. "Wangu unajishikilia wenyewe."

Aliyewahi kutumia wenzo kuinua jahazi anajua hesabu hii. Gramu kumi zilizoko nchani, futi sita kutoka mkononi, zina nguvu kubwa kuliko gramu mia zilizoko kiganjani. Watengenezaji wengine hupunguza uzito kwa kufupisha mpini, kwa sababu ndiko kuliko rahisi kupunguza, na namba kwenye karatasi inapendeza. Lakini mpini ukifupishwa, kinachobaki ni ncha inayovuta chini siku nzima. Tangu siku hiyo kwenye ufito naziangalia kwanza zile pete za kupitishia uzi. Pete ndogo nyembamba kuelekea nchani zinafanya kazi kubwa kuliko maandishi yote ya dhahabu. Na dukani naenda na rili yangu mfukoni. Wauzaji hunishangaa, lakini hakuna aliyewahi kunikataza kuifunga na kujaribu.

Ule wa gramu 95 sikuuchukia muda mrefu, maana ulivunjika wiki iliyofuata. Kosa ni langu. Kaboni ngumu sana huhitaji nyuzi chache ili kupata ugumu uleule, kwa hiyo ukuta wa ufito unakuwa mwembamba, na ukuta mwembamba hausamehi. Kwanza nililigongesha chubwi la tangsteni kwenye ufito wakati wa kurusha, nikasikia kama njugu imepasuka, nikapuuza. Halafu nikamwinua samaki wa ratili mbili hivi kumtia mashuani huku nimeusimamisha ufito wima hadi ukarudi nyuma ya bega. Ukifanya hivyo mzigo wote unakwenda kwenye inchi chache za nchani. Pa! Vipande vitatu. Duka halikunirudishia hata senti, na kwa kweli sikuwa na hoja.

Baada ya hapo niliacha kuuliza "ufito upi ni mwepesi?" nikaanza kuuliza wepesi wenyewe nautaka kwa kazi gani. Maana kuna aina za uvuvi ambazo unahitaji kusikia, na kuna nyingine ambazo kusikia sana kunakukosesha.

Anayeanza ajue pia kusoma maandishi yaliyo juu ya mpini. Yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nami niliyachanganya mwaka mzima. Moja ni nguvu: ufito unahitaji kuvutwa kiasi gani ndipo ukunjike. La pili ni mkunjo: unakunjika wapi. Ule unaoitwa wa haraka hukunjika nchani tu, uliobaki unasimama imara. Wa wastani hukunjika hadi katikati, kama mnazi mchanga kwenye kaskazi. Ufito unaweza kuwa na nguvu nyingi na mkunjo wa polepole, au kinyume chake.

Uvuvi ninaoupenda ni wa kuburuza chini: mnyoo wa plastiki wenye chubwi la umbo la risasi mbele yake, ndoana ikiwa imefichwa ndani ya mnyoo isinase kwenye magogo, mtindo uliopewa jina la Texas yenyewe. Jigi, ndoana iliyounganishwa na kizito chake, inafuata njia hiyohiyo, theluthi ya wakia hadi nusu wakia, na sketi ya mpira inayochezacheza kama miguu ya kamba wa maji baridi. Hapa ndipo wepesi unapolipa. Ufito wangu wa kazi hii ni wa futi saba na inchi moja, kaboni, nguvu ya juu ya wastani, mkunjo wa haraka, na gramu zake ni 120 na kitu. Nautumia na uzi wa flurokaboni wa ratili 15, yaani ndio mzigo unaouhimili kabla ya kukatika. Uzi huo huzama, na habari inafika.

Niliuchagua kwa njia ambayo jirani zangu bado wananicheka. Niliazima fito tatu, nikaenda nazo mahali pa kuegesha magari nyuma ya nyumba, nikafunga chubwi lilelile kwenye kila mmoja, nikafumba macho na kumwambia mwanangu alipeleke chubwi popote apendapo. Kisha nikaliburuza huku nikitaja: saruji, kokoto, nyasi, ubao. Ufito wa kwanza ulinidanganya kati ya saruji na ubao. Wa pili nilipatia vyote, lakini ncha ilikuwa nzito. Wa tatu nilipatia vyote, na mwanangu akachoka kabla yangu. Haukuwa mwepesi kuliko wote, wala wa bei kubwa kuliko wote. Nadhani ulikuwa wa katikati kwa yote mawili. Nikalipa dola mia moja na ishirini na sijajuta.

Siku za joto, maji yakiwa maangavu na samaki wamekwenda kina kirefu, natumia kile wanachokiita dropu shoti. Chubwi liko chini kabisa, ndoana ndogo imefungwa juu yake kiasi cha futi moja, kijisamaki cha plastiki kinatetemeka palepale bila kusafiri. Mvuvi yeyote wa Pwani ataitambua mara moja: ni mshipi wetu wa changu. Ufito wake ni wa futi sita na inchi kumi, nguvu chini ya wastani, ncha laini, na rili yake ni ile inayoning'inia chini. Uzi ni wa kusuka, ratili 10, ukiungwa na flurokaboni ya ratili 8 mwishoni. Ncha laini hapa si anasa, kwani uzi mwembamba na ndoana nyembamba havitaki kuvutwa kwa pupa. Samaki akila huvuti kwa nguvu, unazungusha tu rili na kuuacha ufito ujikunje.

Sasa nije kwenye ubishi wangu na vijana, wanaotaka ufito mwepesi kwa kila kazi. Kwa wale samaki bandia wenye ulimi wa plastiki mbele, wanaozamia na kugongagonga magogo, mimi situmii ufito mwepesi wala wa mkunjo wa haraka. Natumia wa nyuzi za glasi, mkunjo wa wastani, mzito kuliko zote nilizotaja. Chambo hicho kina ndoana zenye makucha matatu matatu, na besi hujinasa mwenyewe anapokipiga kikipita. Ukiwa na ufito wa kaboni ya haraka unamsikia mapema mno, unavuta kwa mshtuko, na unamnyang'anya chambo mdomoni. Au umemnasa kwa ngozi nyembamba, akiruka juu ya maji na kutikisa kichwa, ufito hautoi hata inchi, ndoana inachomoka. Nilipoteza watano asubuhi moja ya Machi kwa kiburi hicho. Glasi huchelewa, na kuchelewa kwake ndiko kunakomnasa samaki. Basi ule ufito wa duka la mikate niliokuwa nimeutupa stoo, nikautoa, nikaubadilishia rili. Haukuwa mbaya kumbe. Nilikuwa nimeupa kazi isiyo yake.

Ufito wa chura wa mpira, anayeburuzwa juu ya majani yaliyotanda, sina mengi ya kusema. Ni mgumu kama mpini wa jembe, uzi wa kusuka ratili 65, na ukivua nao saa mbili unatosha. Wapo wanaouza mwepesi wa kazi hiyo kwa dola mia nne. Wanunue wenye nazo.

Samaki wangu wa kukumbukwa nilimpata kwa jigi, kando ya kigogo, Aprili. Sikusikia pigo. Nilisikia chubwi likiacha kuwa na uzito, kama mtu amelishika kwa chini. Nikavuta. Alikuwa na inchi kumi na tisa. Sheria ya Fork ni kwamba besi wa inchi 16 hadi 24 anarudi majini, kwa hiyo nilimpiga picha nikamwachia, na ami nilipomtumia picha alinijibu kwa sauti iliyojaa masikitiko: "Mwanangu, mnashiba nini huko?"

Nilipokwenda likizo nilibeba ule wa dropu shoti, kwa kuwa unagawanyika vipande viwili na kuingia sandukuni. Nia yangu ilikuwa kupita nao Naivasha pia, maana besi yupo huko tangu walipomleta kutoka Marekani mwaka 1929, na kamba wa Louisiana wakamfuata mwaka 1970, chakula chake cha nyumbani. Siku hazikutosha. Nikaishia nao Shimoni.

Ami aliupima mkononi, akasema ni mwepesi, akauliza bei, nikaitaja pungufu. Tukatoka na mtumbwi hadi mkondo wa kisiwa cha Wasini. Nikamfungia vipande vya ngisi, nikamwonyesha rili inavyofanya kazi. Chubwi lilipofika chini aliulaza ufito mapajani, akauchukua uzi mbele ya rili akaupitisha juu ya kidole chake cha shahada, akatazama upande wa kisiwa.

"Changu," akasema.

Ncha ya ufito ilitikisika baadaye kidogo.