Tulipopwelewa Mtwapa

Sikupanda yoti ya mdogo wangu kwa kutafuta starehe. Nilitumwa. Mama yetu hajakubali hadi leo kwamba binti yake wa pili analala juu ya maji, na huu ni mwaka wa nne. Alinikalisha barazani kwetu Kibokoni baada ya alasiri akaniambia, “Nenda ukae nao likizo hii. Kisha umwambie chumba cha juu ki tupu, na madrasa ni hapa nyuma ya nyumba. Wajukuu wangu si samaki.” Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ilikuwa Agosti, shule zimefungwa. Sikuwa na udhuru.

Wao walikuwa wametia nanga Shimoni, wanarudi kutoka Pemba. Kutoka Likoni nilipanda matatu hadi Kanana, kisha bodaboda. Kufika jeti, kijana wa boti akanitaka shilingi 1,000 kunivusha maji ya hapo na hapo tu, kwa sababu alimwona shemeji yangu Mzungu amesimama kule ananipungia mkono. Tulizozana mpaka nikatoa 400, na mpaka sasa naona niliibiwa.

Yoti yenyewe ni ya faiba, urefu wake mita 12, na chini ina mkuku unaozama karibu mita mbili. Ukitamka “mita 12” inasikika nyumba. Ukiingia ndani ni jiko la moto miwili, meza moja, choo cha kupiga pampu kwa mkono, na vitanda vilivyochongwa kufuata mbavu za chombo, hivi kwamba miguu yangu ilikaa kwenye pembe kama iliyofungiwa ndani ya kasha. Maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ni ya kupimiwa. Kuoga ni baharini, kisha unajisuuza kwa kikombe kimoja. Nguo haikauki ikakauka. Chumvi huirudisha unyevu kila jioni. Nililala vibaya usiku wote wa kwanza na wa pili, na harufu ya dizeli sikuizoea kamwe.

Watoto ni wawili, msichana wa miaka minane na mvulana wa mitano. Asubuhi wanasoma masomo yao ya masafa kutoka Ufaransa, kwa baba, wakikaa kwenye meza ile ile ambayo jioni hugeuzwa kitanda. Kusoma Kiswahili wanafundishwa na mama yao. Kuogelea sijui walijifunza lini.

Safari ya Shimoni hadi Mombasa sina la kueleza zaidi ya kwamba kusi lilivuma siku nzima nami nilitapika siku nzima. Mdogo wangu alinikalisha nje, akaniambia nitazame ufuo wa Diani nisiondoe macho. Niliutazama mpaka nikauchukia.

Kuingia Kilindini ndiko kulikoniinua. Nimezaliwa Mombasa, na ile bustani ya Mama Ngina nimekaa mara zisizo na hesabu, nakula mhogo wa kukaanga, naangalia meli zinaingia. Sikuwahi kuitazama kutoka upande wa pili. Shemeji aliomba ruhusa kwa redio, tukapita chini ya mnara wa Ras Serani nyuma ya meli ya makontena iliyoziba jua, na juu pale mibuyu na watu wametukalia kama vile mimi ninavyowakalia wengine. Kuna mtoto alipunga mkono. Nilimpungia kwa nguvu kama ninayemjua.

Tulilala mkabala na Likoni, feri zinapita usiku kucha. Mpango ulikuwa kuondoka asubuhi kwenda Mtwapa, ambako wana mahali pa kuegesha kwa bei nafuu. Ni karibu, maili za baharini hazifiki 10. Lakini mlango wa Mtwapa una mwamba huku na fungu la mchanga huku, na sheria ya mdogo wangu ni moja: unaingia maji yakiwa bado yanajaa. Ukigusa mchanga katika maji yanayojaa, yatakuinua mwenyewe. Ukigusa yanapokupwa, kila dakika inakushusha zaidi.

Siku ile maji yalikuwa yajae saa kumi na dakika chache alasiri. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa na siku kumi na nne. Ilitupasa kufika mlangoni saa tisa.

Tulichelewa kwa sababu yangu. Mama alikuwa amepiga simu kwamba anapika, tusiondoke. Nikasema tungoje. Sufuria ya mbaazi wa nazi na mahamri yaliyofungwa kwa kitambaa vilifika saa saba na nusu badala ya saa tano, vikiletwa na mtoto wa jirani. Mdogo wangu aliangalia saa, akaniangalia mimi, hakusema neno.

Tulipotoka nje ya Ras Serani na kukata mbele ya mlango wa bandari ya kale, msichana alichukua darubini. Ngome ya Yesu ilikuwa wazi kabisa, ile ngome Wareno walioanza kuijenga mwaka 1593, na nyuma yake mapaa ya mji wetu yamesongamana. Akapiga kelele, “Bibi! Namuona Bibi!” Mama alikuwa darini, anapepea leso nyekundu. Nilipewa darubini nami nikamwona, mdogo kama punje, mkono unapanda na kushuka. Alipepea mpaka jengo jingine likamziba. Hakuwa na njia ya kujua kama tunamwona.

Nyali, Bamburi, Shanzu vilipita upesi, upepo ukiwa mgongoni. Tuliingia mlango wa Mtwapa saa kumi na moja kasorobo. Shemeji alisimama omo, mbele kabisa ya chombo, kusoma rangi ya maji, lakini tulikuwa tunaelekea magharibi na jua limetuingia usoni. Maji yote yalikuwa fedha tupu. Ramani ya kwenye tableti ilionyesha kina, mdogo wangu akaifuata.

Haukuwa mshindo. Ulikuwa mkwaruzo mrefu, kama gunia la mchele linaloburutwa sakafuni, kisha chombo kikasimama nasi tukaendelea mbele. Sufuria ya mbaazi ilitoka jikoni ikamwagika yote chini ya ngazi.

Walijaribu injini nyuma. Walijaribu kupeleka nanga ya pili kwa kidau cha mpira hadi maji makuu, wajivute nayo. Mnyororo ulikaza, yoti ikatetemeka, haikusogea hata shibiri. Nusu saa hivi ikapita na tayari ubavu ulikuwa umeanza kuinama.

Hapo ikaja boti ya mashine kutoka upande wa mahoteli, vijana watatu. Watavuta kwa 15,000. Shemeji alikuwa tayari kulipa. Mdogo wangu akauliza watavuta vipi, wapi watafunga kamba, wakacheka. Akakataa. Wakazunguka, wakarudi jua likiwa limeshuka, na bei ikawa 30,000. Nimeishi mjini miaka yote, nimenunua samaki na viatu na kila kitu kwa kupatana, lakini bei ya kupandishwa mbele ya watoto wanaoinama ndani ya chombo sijaiona mfano. Mdogo wangu akawaambia kwa sauti ya chini, “Mkikivuta sasa mtakata usukani, na chombo kitajaa maji usiku. Kwendani.” Wakaenda.

Kisha nikamwona akifanya kazi. Sijui nimfananishe na nani. Alifunga valvu zote zinazotoa maji nje, moja baada ya moja, akizitaja kwa sauti na msichana akirudia. Alikagua ngama, kule chini ndani ya chombo maji yanakokusanyika, kama ni kavu. Alizima gesi. Shemeji akateremsha magodoro mawili nje kuyatanguliza chini ya ubavu utakaolala. Mvulana wa miaka mitano alihamisha vikombe, vitabu, betri za tochi kutoka kabati za juu hadi za chini bila kuambiwa. Mimi nilikuwa nimejikalia pembeni na leso yangu nikisoma dua, ndipo msichana akanishika mkono. “Mamkubwa, usikae hapo. Ukuta huo ndio utakuwa sakafu.”

Na ukawa sakafu.

Giza lilipoingia mwezi ulikuwa umeshapanda, na maji yakawa ya kiunoni. Tuliona tochi zinakuja kutoka upande wa mikoko. Alikuwa mzee mmoja na vijana wawili wa kwake, wametoka kusaka pweza, kwa kuwa bamvua la usiku ndilo linalofungua mawe ya mbali. Begani ana pweza wawili wametungwa. Alisimama akatazama yoti kama daktari anavyotazama mgonjwa, hakuharakisha.

“Hii si ndia tena, wanangu,” akasema, kwa lafudhi inayoita njia ndia na mchanga mtanga. “Tangu kusi kuanza mtanga umehamia huku. Ndia iko kule.” Akaonyesha kwa kijiti chake mahali ambapo sisi tuliona maji sawa na haya. Kisha akauliza, “Mwanayo magadi?”

Nilidhani anataka magadi ya kupikia. Nikamwambia hatuna, labda chumvi. Mzee akanitazama. Akainua mikono miwili akaiegemeza kwenye ubavu wa yoti, kama anayeuzuia usianguke, akasema tena polepole, “Magadi. Miti ya kuegemeza chombo.”

Mimi ndiye ninayefundisha Kiswahili. Babu yangu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi, amekwenda Lamu na kurudi na kaskazi na kusi mpaka alipozeeka, na neno hilo lazima lilitamkwa nyumbani kwetu kila chombo kilipopandishwa pwani kupakwa sifa, yale mafuta ya samaki. Halikunifikia. Nimesahihisha insha za watoto wa watu miaka 16, nimewakata maksi kwa ngeli, na neno la babu yangu limenijia Mtwapa usiku, kutoka kwa mtu mwenye pweza begani.

Vijana wake walikwenda ufuoni kwenye mashua inayotengenezwa, wakarudi na boriti nne. Walizichimbia mchangani upande wa chini, kila moja na kipande cha ubao kichwani ili isitoboe faiba, shemeji akifunga kamba, mzee akiongoza kwa vidole tu. Yoti iliendelea kulala, ikazifikia, ikalia, ikatulia. Haikulala yote. Mzee alieleza kwamba hilo ndilo la maana. Chombo kikilala kabisa, maji yakirudi huingia ndani kabla hakijainuka.

Nilimuuliza kazi hiyo ni kiasi gani. Alifikiri, akasema 1,500, za vijana na za mwenye boriti. Nilizitoa mimi mwenyewe, kabla shemeji hajaufikia mfuko wake.

Saa nne na kitu usiku tulikuwa juu ya mchanga mkavu. Niliteremka nikatembea kuizunguka yoti miguu mitupu. Mkuku ambao siku zote uko gizani ulikuwa nje, umeota chaza wadogo, na kaa wanapita chini yake. Ng’ambo ilikuwa giza la miti, kule yaliko magofu ya Jumba la Mtwana. Mdogo wangu alikaa mchangani na watoto akawasimulia juu ya Vasco da Gama, kwamba Aprili 1498, siku moja tu kabla ya kufika Mombasa, jahazi lake moja, São Rafael, lilipanda fungu huko kusini karibu na Tanga, likangoja maji kama sisi, na watu wa pwani wakawajia na machungwa. Mvulana akauliza, “Walikuwa na magadi?”

Ndani tulilala ukutani, watoto katikati, mimi na mdogo wangu kila mmoja pembeni. Saa saba hivi nilimpa ujumbe wa mama wote, chumba, madrasa, samaki. Alinisikiliza.

“Najua,” akasema. “Huniambia kila Ijumaa kwa simu. Wewe umeonaje?”

Nilikuwa na jibu tangu Kibokoni, nililipanga njiani ndani ya matatu. Halikutoka. Nikamwambia kwamba mbaazi zimemwagika na mimi ndiye niliyechelewesha, akasema tulale.

Maji yalirudi kwa sauti kwanza. Mlio mwembamba chini ya faiba, kisha mchirizi, kisha mkondo mzima. Saa kumi kasoro dakika 20 alfajiri yoti ilijipiga mara moja mchangani, boriti moja ikaelea, ukuta ukaanza kurudi kuwa ukuta. Mdogo wangu alikuwa ameshika usukani, anahesabu kwa midomo. Shemeji akavuta mnyororo wa nanga ile ya pili. Tulijivuta nyumanyuma mpaka maji makuu, tukakaa pale hadi kulipokucha, tukaingia kwa ile ndia ya mzee.

Nilirudi mjini kwa matatu ya Mtwapa. Usiku huo kitanda changu kilikuwa kinayumba.

Mama alinisubiri darini. Aliuliza kama tulimwona, nikamwambia tulimwona hadi jengo lilipoziba, akakunja ile leso magotini. Aliuliza mbaazi zilikuwaje na nikamwambia ukweli. Nikamsimulia magadi. Hapo akacheka, akasema baba yake aliziweka chini ya ngazi yetu, miti sita, mpaka alipokufa na watu wakazifanya kuni. Kisha akasema jambo ambalo katika umri wangu wote sikuwahi kulisikia: kwamba walipohama Lamu alikuwa na miaka minne, na mama yake alimfunga kwa leso kwenye mlingoti asianguke, akalala hivyo, akaamka Mombasa.

Alikaa kimya. Adhana ya magharibi ikaanza, akangoja iishe.

“Uliwapa kiasi gani wale wa magadi?”

“Elfu moja mia tano.”

“Ni haki.” Akainuka kwa kushika ukuta, magoti yanamsumbua. “Wasema maji yakijaa kabisa, chombo huwa sawa na jeti, mtu haparamii?”

“Huwa sawa.”

“Bamvua la pili ni lini?”