Hospitali na EARC: makaratasi ya mtoto mwenye ulemavu wa akili Kisumu

Wazazi wengi huku kwetu, kuanzia Nyalenda hadi Ahero, huambiwa tu "mpeleke mtoto akapimwe". Wasichoambiwa ni kwamba tathmini ni mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Ya hospitali ndiyo inayomsajilisha mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ya EARC, kituo cha kutathmini mahitaji ya mtoto kielimu kilicho chini ya idara ya elimu, ndiyo inayoshauri asome wapi. Ukienda kumsajili na barua ya EARC pekee, utarudishwa.

Kabla ya yote, toa cheti cha kuzaliwa. Linganisha majina yaliyo kwenye cheti, kitabu cha kliniki na kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Tofauti ndogo tu inaweza kukwamisha usajili.

Tathmini ya hospitali hufanywa na jopo katika hospitali kubwa za umma, kama Jaramogi Oginga Odinga. Jopo halikai kila siku, kwa hivyo uliza siku yake kabla hujalipa nauli.

Sasa hapa ndipo panapoharibika mara nyingi. Daktari atamwona mtoto kwa dakika chache. Mwenye usonji anaweza kutulia kimya siku hiyo. Mwenye ulemavu wa akili anaweza kusalimia vizuri kabisa. Akina mama nao, kwa mapenzi, husema "siku hizi anajaribu". Ni kweli anajaribu, lakini jopo linahitaji kujua anachohitaji kusaidiwa. Andika ukurasa mmoja nyumbani. Usiandike "ana shida ya kuelewa". Andika hivi: "Ana miaka 9. Shati anavaa, vifungo hufungiwa. Choo hukumbushwa. Akitumwa dukani vitu viwili, huleta kimoja. Barabara havuki peke yake." Ongeza video fupi ya simu akila au akivaa. Kama ana kifafa, andika huanguka mara ngapi kwa mwezi, anatumia dawa gani na kiasi gani. Beba pia kadi za kliniki ya fizio (tiba ya viungo) au OT (tiba ya kazi), hata zilizochakaa.

Usitoke hospitalini kabla hujasoma fomu. Tazama aina ya ulemavu, saini na mhuri. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuandikiwa ulemavu wa viungo pekee hata kama akili pia imeathirika. Omba irekebishwe hapo hapo, maana baadaye ni safari nyingine.

Usajili wenyewe hufanywa kwenye eCitizen kwa akaunti ya mzazi. Asiye na simu ya intaneti aende ofisi ya Baraza ya kaunti asaidiwe.

Kadi ya ulemavu inayotokana na usajili huo haileti yenyewe pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa kaya zenye uhitaji fedha. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni za kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji kutunzwa muda wote, na kaya huandikishwa serikali inapofungua nafasi. Naibu wa chifu amjue mtoto wako mapema, na nakala za karatasi zote ziwe tayari nyumbani.

Vituo vya EARC vilianza mwaka 1984. Huko sisitiza masikio na macho yapimwe kwanza. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana kama asiyeelewa, akapelekwa darasa lisilo lake akapoteza miaka. Kituo kitapendekeza darasa la kawaida lenye msaada, kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, au shule maalum. Katika mtaala wa umilisi (CBC), mwanafunzi asiyeweza kufuata mtaala wa kawaida hupita hatua nne: msingi, kati, kabla ya ufundi na ufundi. Hapandi kwa umri wala kwa mtihani wa kitaifa, kwa hivyo usishtuke akibaki hatua moja muda mrefu. Uliza mwalimu ni stadi zipi bado, kisha mzifanye nyumbani pia.

Mwalimu mkuu akisema "mlete akishajua kuongea", hilo si sharti la kisheria. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia elimu. Omba jibu hilo kwa maandishi, ulipeleke pamoja na ripoti ya EARC kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.