Siku moja kitaluni: kazi isiyopigwa picha

Saa 12:30 asubuhi, kengele ya usafi haijalia. Huku Dodoma jua halina subira, kwa hiyo zamu ya maji ya klabu ya mazingira ya shule huwahi kuliko paredi. Miche 600 ya mjohoro na mwarobaini hunywa keni tano za kunyunyizia, za lita 10 kila moja. Keni hupitishwa mara mbili: ya kwanza hulowesha uso wa udongo, ya pili ndiyo inayofika kwenye mizizi. Anayemimina kwa ndoo hufukua mizizi yote.

Saa 2 hadi saa 8, madarasa. Kitalu hulindwa na uzio wa miiba, maana mbuzi hawana ratiba.

Saa 9 alasiri ni kujaza viriba, vifuko vya kukuzia miche, na hapa ndipo siku inapoishia. Mchanganyiko ni madebe matatu ya udongo wa msituni, mawili ya samadi iliyooza na moja la mchanga, yote yamechekechwa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Udongo uwe na unyevu: ukiufinyanga kiganjani ushikamane, usitoe maji. Kiriba kiko wazi pande zote mbili, kwa hiyo robo ya chini hushindiliwa kwa vidole mpaka ikaze, kisha kinajazwa kidogo kidogo huku kikigongwagongwa chini. Ukiharakisha, kinafanya kiuno katikati. Pale kiunoni maji hayapiti na mzizi unajikunja. Cha mia hivi, vidole gumba vimekufa ganzi na kidato cha kwanza wameanza kuhesabu hata vilivyolegea. Kiriba kisichosimama chenyewe hakijajaa, kirudi.

Jua likipoa, kuhamisha miche kutoka tuta la mbegu kwenda kwenye viriba. Mche hushikwa jani. Shina likibonyea, basi tena. Kijiti kinene kama penseli hutoboa shimo, na mzizi mrefu kuliko shimo hukatwa kwa wembe. Ukiusokomeza umepinda, mti utasimama vizuri tu, kisha utaanguka ukishakuwa mkubwa na hakuna atakayejua kwa nini.

Halafu kuna ombi ambalo kila klabu inalijua: mgeni anakuja wiki ijayo, itengwe miche 100 apande. Mwezi wa nane! Mvua huku ni Desemba. Tena miche hiyo bado iko kivulini. Inahitaji kama wiki nne za kupunguziwa maji na kuondolewa nyasi za juu taratibu, ndipo ihimili jua la shambani. Kwa kawaida klabu hutoa kumi, ipandwe karibu na bomba, na wanafunzi waliobaki hubeba ndoo kuimwagilia baada ya magari kuondoka.

Giza linaingia, bado ukaguzi wa tuta la mbegu. Mche uliolala, shina limesinyaa usawa wa udongo: huo ni ugonjwa wa kinyausi. Maji yamezidi na mbegu zimebanana. Hung'olewa na majirani zake, nyasi za kivuli zinapunguzwa, kesho asubuhi tuta hilo halimwagiliwi. Daftarini: tuta la 2, imekufa 7, viriba 140, wembe umeisha.