Mikono wanayo

Harusi ya mdogo wangu imekwisha salama, wageni wa Pate wamerudi kwao, na ile kazi ya boti niliyokuwa nikiilalia na kuiamkia nimeipata. Lakini tangu Ijumaa kichwani mwangu kuna sauti moja tu.

Tulikuwa uwanjani baada ya alasiri, vijana ninaowafundisha, wawili wawili na bakora zao, wanacheza kirumbizi, mchezo wetu wa bakora unaokwenda na zumari na ngoma. Mzee wa zumari (mnamjua, ndiye aliyetupigia bure Maulidi iliyopita) akaishusha zumari mdomoni, akawatazama.

"Mikono wanayo hawa, mwanangu. Masikio je?"

"Wanajifunza, mzee."

"Wanajifunza kupigana."

Akaendelea kupiga. Basi. Nimeyarudia maneno hayo nikioga, nikila, nikingoja boti ya Mokowe. Ningemwambia watoto hawa wamezaliwa baada ya 2001, Mji Mkongwe wa Lamu ukiwa tayari kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na kirumbizi wamekijulia jukwaani na kwenye simu: dakika mbili, vifijo, wanatafuta mshindi. Kirumbizi hakina mshindi! Unaingia duarani, unamzunguka mwenzio, bakora inakutana na bakora pale ngoma inapotaka, kisha unampisha mwingine. Anayekusudia kumuumiza mwenzake ameharibu mchezo, hata awe hodari vipi. Haya ndiyo ninayowafundisha. Na bado bakora zao zinalia ovyo kama mvua juu ya mabati, ndiyo maana lile neno linauma.

Jana nikazikusanya bakora zote. Mzee akapiga, wao wakazunguka mikono mitupu, wakubwa wakiona haya. Yule mdogo kuliko wote, anayejificha siku zote nyuma ya kaka yake, akaanza kushusha bega kila ngoma kubwa ilipolia. Hakufundishwa na mtu. Akainua mkono kukinga, na mwenzake, kijana mkubwa mara mbili yake, akaingia papo hapo kwenye pigo. Wakajibizana hivyo, mmoja akitoa, mmoja akipokea, hata nikapiga ukelele wa furaha. Mzee hakusema kitu, ila alipowageukia wale wawili alizidisha mwendo, na wao wakamfuata. Nilitamani marehemu baba angekuwepo.

Wiki ijayo bakora zinarudi, na huyo mdogo ndiye atakayefungua.

Punda wa babu hajagusa majani tangu asubuhi, masikio yameanguka. Daktari wake hapatikani mpaka kesho, na kesho alfajiri mimi niko kwenye boti. Kama kuna mtu wa Langoni anayeweza kumpeleka, anipigie usiku huu, hata ukiwa umeenda sana.