Asiyeanguka Hapigiwi Filimbi

Mwezi Mei 2025, wakati Minnesota Timberwolves na Oklahoma City Thunder walipokuwa wakiwania ubingwa wa Kanda ya Magharibi katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, mashabiki wa Timberwolves mjini Minneapolis walimzomea Shai Gilgeous-Alexander wa Thunder kwa pamoja wakimwita mchuuzi wa mitupo huru, yaani ile mitupo anayopewa mchezaji aliyefanyiwa faulo. Siku chache kabla yake alikuwa ametangazwa Mchezaji Bora wa msimu, baada ya kuongoza ligi kwa wastani wa pointi 32.7 kwa mchezo, na kejeli ile ilibeba tuhuma kwamba sehemu ya pointi hizo ilitokana na ulaghai: kwamba hutafuta kuguswa, hupaza sauti, huanguka, kisha huenda mstarini kuchuma pointi ambazo hakuna mlinzi wa kuzizuia. Timu yake ilishinda mfululizo ule kwa michezo minne kwa mmoja na baadaye ikatwaa ubingwa, lakini tuhuma haikufutika, na sidhani kama itafutika upesi, kwa sababu inachanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa kabla mtu hajakasirika.

Jambo la kwanza ni kuvuta faulo, na hilo mimi nalihesabu kuwa ufundi. Mshambuliaji anayekimbia na mpira huku mlinzi akimfukuza kwa nyuma anaweza kusimama ghafla, na mlinzi asiyeweza kujizuia atamgonga mgongoni. Mrushaji anaweza kuinua mpira kana kwamba anarusha, mlinzi akaruka, naye akasubiri nusu sekunde kabla ya kupanda kweli huku mlinzi akimshukia begani. Katika matukio haya mguso ni wa kweli, kosa ni la mlinzi, na aliyelisababisha amefanya hivyo kwa kusoma mwendo wa mwenzake. Jambo la pili ni kujiangusha, ambako mguso haupo au ni mdogo mno, na kinachoonekana ni maigizo: kichwa kinarushwa nyuma, mikono inatawanyika, mwili unateleza sakafuni mita mbili baada ya kuguswa na kiwiko ambacho hakikufika. Ugomvi mwingi haumo katika ncha hizi mbili. Umo katikati, pale ambapo mchezaji ameguswa kweli, lakini anaikuza ile faulo ili mwamuzi asipate nafasi ya kutoiona.

Ili kuelewa kwa nini wachezaji wenye vipaji vikubwa kiasi kile wanakubali kuonekana waigizaji, ni lazima kufanya hesabu kidogo. Katika NBA ya miaka hii, mitupo huru huingia kwa takribani asilimia 78, kwa hiyo mchezaji wa kawaida anayepewa mitupo miwili anailetea timu yake wastani wa pointi 1.56. Shambulizi la kawaida, yaani kila mara timu inapopata mpira hadi inapoupoteza au kufunga, huzaa kati ya pointi 1.1 na 1.2. Hakuna mchoro wa kocha unaoweza kuizidi faulo ya kurushia, yaani ile anayofanyiwa mchezaji akiwa anarusha. Zaidi ya pointi, mlinzi aliyefanya kosa anakaribia kutolewa, kwani faulo ya sita humwondoa mchezaji wa NBA na ya tano humwondoa katika mashindano ya FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Timu pinzani nayo inakaribia faulo ya tano ya robo, na kuanzia hiyo hata mguso usiohusu kurusha unalipiwa mitupo miwili. Na wakati mtu anarusha mitupo yake, wenzake wanapata kupumua na kujipanga kwa ajili ya ulinzi, jambo ambalo watazamaji hulisahau lakini makocha hawalisahau.

Hesabu hiyo, hata hivyo, isingekuwa na nguvu kama waamuzi wangekuwa na uwezo wa kuona kila kitu. Wapo watatu, wachezaji ni kumi, na kila mwamuzi ana pembe moja ya kutazamia tukio linalokwisha kwa sehemu ya sekunde. Asichokiona anakikisia kwa dalili, na dalili zilizo wazi kuliko zote ni kishindo, sauti na mwili unaoyumba. Mchezaji aliyepigwa mkononi akaendelea kupanda bila kutetereka anatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe, kwa kuwa anaonekana hakudhurika. Shaquille O'Neal, mwenye urefu wa mita 2.16 na uzito uliozidi kilo 140, aliishi na adhabu hiyo miaka yote: alining'iniwa, akavutwa, akapigwa viganja, na kwa sababu hakutikisika, filimbi nyingi hazikulia. Upande wa pili wa uwanja ule ule, Vlade Divac, Mserbia wa Sacramento Kings, alikuwa akianguka chali kila bega la O'Neal lilipomgusa kifua, na katika fainali ya Kanda ya Magharibi ya mwaka 2002 dhidi ya Los Angeles Lakers ya O'Neal, iliyokwenda hadi mchezo wa saba, malalamiko ya O'Neal juu ya maigizo hayo yalikuwa sehemu ya habari za kila siku. Namwelewa O'Neal alipokasirika. Namwelewa na Divac pia, kwa sababu sijui ni silaha gani nyingine ambayo mtu wa umbo lake angeitumia.

Jina la Divac limewafanya watu wengi waamini kwamba tabia hii ililetwa Marekani na wachezaji wa Ulaya, waliojifunzia katika soka. Madai hayo hayana msingi. Mwaka 1963 Frank Ramsey, mchezaji wa Boston Celtics aliyetokea Kentucky na kutwaa ubingwa mara saba, alieleza hadharani katika jarida la Sports Illustrated mbinu alizotumia kuwafanya waamuzi wapulize filimbi dhidi ya wapinzani wake. Wakati huo Divac alikuwa hajazaliwa. Tabia hii ina umri karibu sawa na mchezo wenyewe wa kulipwa, na imedumu kwa sababu imekuwa ikilipa.

Ligi imejaribu kuipunguzia malipo kwa njia mbili tofauti, na kwa maoni yangu moja ni dhaifu na nyingine ina akili. Njia dhaifu ni kumwadhibu mwigizaji. Katika msimu wa 2012-13 NBA ilianza kupitia picha za michezo baada ya kumalizika: kosa la kwanza lilikuwa onyo, la pili faini ya dola 5,000, la tatu dola 10,000, la nne dola 15,000 na la tano dola 30,000. Reggie Evans wa Brooklyn Nets alikuwa wa kwanza kutozwa. Katika mchujo wa mwaka 2013, LeBron James alitozwa dola 5,000 pamoja na David West na Lance Stephenson wa Indiana Pacers kwa matukio ya mchezo mmoja. James alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 17 kwa msimu, na msomaji anaweza kujipigia hesabu ya uchungu alioupata. Kubwa zaidi ni kwamba faini ilikuja keshoye au keshokutwa, wakati pointi zilikwisha kuandikwa na ushindi ulikwisha kupatikana. Hakuna mchezaji atakayekataa kununua kikapu cha mchujo kwa bei hiyo.

Kuanzia msimu wa 2023-24 adhabu ililetwa ndani ya mchezo. Mwamuzi anayeona maigizo humpa mhusika faulo ya kiufundi ya aina isiyohesabiwa katika kumtoa nje, na wapinzani hupewa mtupo mmoja. Anaweza hata kupuliza yote mawili katika tukio moja, faulo ya mlinzi na maigizo ya aliyefanyiwa. FIBA nayo ina utaratibu wake wa kuionya timu kwanza na kumpa faulo ya kiufundi mchezaji wake yeyote atakayerudia. Haya ni maendeleo, kwa kuwa angalau malipo yanakatwa pale pale yalipochumwa. Tatizo ni kwamba adhabu hii inamtaka mwamuzi aamue nia ya mtu, tena mbele ya umati, na kwa tofauti ya pointi mbili. Waamuzi ni binadamu. Wakisitasita huacha filimbi mfukoni, na ndiyo maana adhabu hii tunaiona kwa nadra kuliko maigizo yenyewe.

Njia yenye akili ni kuacha kujiuliza mchezaji alikusudia nini na badala yake kubadili kinachohesabiwa kuwa faulo. Mfano wa awali ni ule wa Kevin Durant, aliyekuwa akiona mkono wa mlinzi umenyooshwa mbele yake, anapitisha mikono yake chini ya mkono ule na kuinua kwa nguvu kana kwamba anarusha. Kuanzia msimu wa 2011-12 tukio hilo liliacha kuhesabiwa kuwa faulo ya kurushia, na kwa kuwa mara nyingi halikuwa na mitupo tena, thamani yake ilianguka siku ile ile. Badiliko kubwa zaidi lilikuja katika msimu wa 2021-22. James Harden, ambaye msimu wa 2018-19 alifunga wastani wa pointi 36.1 akirusha mitupo huru 11 kwa mchezo, alikuwa bingwa wa kuukamata mkono wa mlinzi kwa mkono wake usio na mpira na kuuvuta ndani ya mrusho. Waamuzi waliagizwa wasimpe tena filimbi mrushaji anayejirusha au kuegemea kwa mlinzi kwa pembe isiyo ya kawaida, anayekata njia ghafla kwa pembeni au kurudi nyuma, anayetupa mguu nje, au anayemnasa mlinzi kwa mkono. Mguso mkubwa wa namna hiyo ukawa faulo ya mshambuliaji, na mdogo ukapita bila filimbi.

Wiki za kwanza za msimu huo zilikuwa za kuchekesha, nakiri kwa furaha. Nyota waliozoea kulipwa walibaki wameinua mikono wakimtazama mwamuzi, na mpira ukiwa tayari upande wa pili. Kisha wakajirekebisha, kama ilivyotarajiwa, na wakatafuta njia mpya. Lakini tazama kilichowarahisishia waamuzi kazi: walitakiwa kutazama mguu ulikokwenda na bega lilikoelekea, vitu ambavyo jicho linaweza kuviona, bila kupima ukweli wa kilio cha mtu.

Hata kanuni nzuri, hata hivyo, huzaa watoto wasiotarajiwa. Mei 2017 Kawhi Leonard wa San Antonio Spurs alitua juu ya mguu wa Zaza Pachulia wa Golden State Warriors na kuumia kifundo, na tangu msimu uliofuata waamuzi wakapewa nguvu ya kuongeza uzito wa faulo kwa mlinzi anayeingia bila uangalifu mahali ambapo mrushaji anatua. Kanuni hiyo inalinda miguu ya watu, nami naiunga mkono kikamilifu. Matokeo yake, warushaji wa pointi tatu wakajifunza kutua mbele kuliko walikorukia, wakimfuata mlinzi ili wapate mguu wa kuukanyaga. Faulo hapo ina mitupo mitatu, na kwa mtu mwenye asilimia 85 hiyo ni wastani wa pointi 2.55. Hakuna hazina kubwa kuliko hiyo uwanjani.

Nimeacha hadi sasa aina ya kuanguka ambayo wengi wanaiheshimu: mlinzi kujipanga mbele ya anayekuja na mpira na kukubali kugongwa kifuani ili apate faulo ya mshambuliaji. Makocha hulisifu kama tendo la kujitolea. Mimi nina mashaka nalo. Kanuni ya NBA inamtaka mlinzi awe amekwisha kuweka mwili wake kabla mshambuliaji hajaanza mwendo wa kwenda juu, na nusu duara iliyo chini ya kikapu, yenye upana wa mita 1.22 kutoka katikati katika NBA tangu msimu wa 1997-98 na mita 1.25 kwa FIBA, inamnyima filimbi anayesimama ndani yake. Kwa vitendo, wengi huteleza kuingia chini ya mtu aliyekwisha kupaa, kisha wanaanguka mapema. Aprili 16, 2023, siku moja ya mchujo, Giannis Antetokounmpo aliumia mgongo baada ya kugongana na Kevin Love, na Ja Morant akaumia mkono baada ya kugongana na Anthony Davis, na katika matukio yote mawili mlinzi alikuwa akijaribu kupata faulo ya namna hiyo. Kama ni kuchagua, ningependelea nusu duara ipanuliwe na mlinzi alazimike kuwa amesimama tangu mshambuliaji anapoukusanya mpira, hata kama walinzi wafupi watalalamika.

Hata hivyo, pengo kubwa zaidi bado ni la yule anayebaki wima. Tangu msimu wa 2019-20 kocha anaweza kupinga uamuzi wa faulo na kutaka picha zirudiwe, na tangu 2023-24 akishinda mara ya kwanza anapewa nafasi ya pili. Utaratibu huu umewafichua waigizaji wengi, kwa kuwa picha ya polepole haidanganywi na kichwa kinachorushwa nyuma. Lakini unahusu filimbi zilizolia. Faulo ambayo haikupulizwa haina mahali pa kukatiwa rufaa, isipokuwa dirisha dogo lililofunguliwa msimu wa 2024-25, ambapo kocha akipinga uamuzi wa mpira uliotoka nje waamuzi wanaruhusiwa kutoa faulo waliyoikosa karibu na tukio hilo. Kwa mchezaji aliyepigwa mkononi akamalizia mrusho wake kwa utulivu na kukosa, hakuna dirisha lolote, na shambulizi linalofuata atakumbuka kupiga kelele.