Fremu ya Raleigh niliyoitoa kwenye mizani ya vyuma chakavu

"Kata, chomelea, piga rangi, uza." Hivyo ndivyo mafundi watatu hapa Shinyanga walivyoniambia kuhusu fremu yangu ya baiskeli ya zamani ya Raleigh, kila mmoja kwa wakati wake. Asubuhi hii nimetoka kuiendesha, na haijakatwa popote.

Niliikuta kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, imelaliwa na mabati na rejeta ya lori. Rangi nyeusi ilishakwisha kwenye bomba la juu, na foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilikuwa nyekundu kwa kutu. Ila pale mbele, chini ya hendeli, kulikuwa na kibati chenye kichwa cha korongo. Nilikisugua kwa kidole gumba na mate kidogo: Raleigh, Nottingham, Uingereza. Babu yangu alinunua ya namna hiyo kwa hela ya pamba, akaiuza mwaka wa njaa, na mpaka anafariki alikuwa akiitaja kama mtu anavyomtaja ng'ombe wake aliyepotea. Jamaa akaiweka kwenye mizani kama chuma kingine chochote. Nikatoa elfu kumi na kitu, pamoja na gurudumu la nyuma lililokuwa limefungiwa humo kwa waya.

Gurudumu lile lilininyima usingizi. Nilipokwangua grisi iliyoganda kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, yakatokea maandishi ya Sturmey-Archer, jina la mtengenezaji, kisha AW, kisha 58. AW ni habu yenye gia tatu ndani yake, na hizo tarakimu mbili ni mwaka iliotengenezwa, 1958. Ukipata kama hiyo, jua kwamba ni mwaka wa habu, si lazima uwe wa fremu, maana magurudumu huhama.

Uzuri wenyewe uko kwenye maungio. Pitisha msasa laini taratibu na utaona mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu ukizunguka bomba. Hiyo ni shaba. Bomba zimechomekwa kwenye soketi za chuma, pakapashwa moto, na shaba iliyoyeyuka ikajipenyeza katikati; chuma chenyewe hakikuyeyuka. Ndiyo maana nakasirika mtu akija na mashine ya kuchomelea ya umeme. Shaba ikichanganyika na chuma kilichoyeyuka, ungio hupasuka, na hapo umeua kitu kilichobeba magunia miaka yote hiyo.

Kotapini, zile pini zinazokaza mikono ya pedali kwenye ekseli, nilizitoa kwa kuzibana kwenye jiliwa baada ya kuzilowesha usiku kucha. Usizipige nyundo, utaumiza vikombe vya gololi vilivyo ndani, vile vinavyofungwa kwenye fremu kila upande na ekseli ya pedali kuzunguka humo.

Kazi ilikuwa kwenye kikombe cha kulia, upande wa cheni. Cha kushoto kilitoka bila shida. Hiki kiligoma siku tatu. Nilimwaga mafuta ya taa, nikamwaga dizeli, nikapasha moto. Fundi mmoja akaja na patasi, akagonga huku akisema, "Kinyume cha saa, kaka, ongeza nguvu tu." Akamega ukingo. Nilimwomba aache, nikamlipa soda, akaondoka amenuna.

Usiku nikakaa na taa ya simu nikikiangalia kile kikombe, na nikaona kwa macho yangu: mstari wa thredi, yaani uzi wa kufungia, uliochungulia kwenye ukingo uliomegwa ulikuwa umelala upande usio wa kawaida. Baiskeli za Kiingereza, kikombe cha kulia kina thredi ya kushoto. Kinafunguka kwa kufuata saa! Siku zote tatu tulikuwa tunakikaza.

Sasa nikishike na nini, na ukingo umeshaharibika? Nilitafuta bolti nene, nikaiingiza kutokea upande wa kushoto hadi kichwa chake, pamoja na washa, kikagota ndani ya kikombe. Nje nikaweka washa nyingine na nati. Mdogo wangu akashika kichwa cha bolti kwa spana boksi, mimi nikakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kisha nikamwambia, "Achia." Nikaendelea kukaza. Kwa kuwa nati inakazwa kwa kufuata saa, na kikombe kinafunguka kwa kufuata saa, nati ikikosa pa kwenda inakiburuta kikombe. Kikalia kama tawi kavu linavyokatika, vumbi la kutu likamwagika mapajani mwangu. Tulipiga kelele hadi mama akatoka jikoni.

Vikombe vyenyewe nilivisafisha na kuvirudisha, nikaweka gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande. Fundi mwingine alitaka niweke vikombe vipya vya dukani. Havifai. Raleigh za zamani zina thredi 26 kwa inchi, vya dukani vina 24. Ukilazimisha vinaingia mizunguko miwili na vinakula thredi ya fremu, basi tena.

Rangi sikupiga. Nimepaka mafuta tu, na michirizi ya dhahabu kwenye madigadi niliyotafuta baadaye inaonekana vizuri jua likiwa la pembeni. Tairi za 28 zipo madukani, hazinisumbui.

Juzi sokoni mzee mmoja alinisimamisha. Hakuniuliza bei. Aliinama, akapitisha kidole kwenye fremu, pale pedali zinapoungana, akagusa katundu ka kutilia mafuta.

"Mwanangu, hapa palikuwa na kifuniko."

"Ndiyo mzee, nakitafuta."

Kwa sasa nimepaziba kwa kipande cha tyubu. Nimeshapita kwa wauza vyuma wote wa mjini, Jumamosi naenda Tinde.